Siku moja Unguja: anzeni Mkunazini

Maswali ya wasomaji kuhusu safari. Yanajibiwa kutoka Uyole, Mbeya, na mwalimu mstaafu wa historia.

Kamwene mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako. Desemba tunakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya shemeji yangu, mimi, mke wangu na binti yetu wa darasa la sita. Katikati ya shughuli tumepata siku moja ya kupumua, na sote watatu hatujawahi kufika Zanzibar. Tumepanga kwenda na boti ya asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Jirani yangu ameniandikia orodha: kobe wa Changuu, shamba la viungo, Jumba la Maajabu, soko, kanisa la watumwa, kisha chakula cha usiku Forodhani. Yanawezekana yote? Kama hayawezekani, tuache nini?

Kamwene mwalimu. Hayawezekani, na nimefurahi umeuliza kabla ya kukata tiketi. Ishike hiyo orodha uanze kufuta kutoka mwisho. Wapishi wa Forodhani hupanga meza zao jua likielekea kuzama, na saa hiyo boti ya mwisho ya mwendo kasi kwenda Dar imekwishaondoka. Huondoka alasiri, mwendo wa saa kumi. Anayetaka mishkaki ya Forodhani alale Unguja. Asiyelala aifute tu.

Shamba la viungo nalo lifute. Mashamba yako nje ya mji, na kwenda, kuzungushwa na kurudi ni nusu siku. Changuu inaniuma kidogo kuiondoa kwa ajili ya binti yako, maana wale kobe ni wakubwa ajabu, asili yao Shelisheli, na mtoto hamwachii mtu nafasi ya kuwalisha. Lakini ni kisiwa. Mashua huchukua karibu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, bado kupatana bei, bado kusubiri. Boti yenu ya saa moja asubuhi itawafikisha kama saa tatu. Saa tisa mnatakiwa muwe mmerudi bandarini. Hapo katikati mna saa sita, na nawasihi mzitumie zote ndani ya Mji Mkongwe, kwa miguu, bila teksi wala pikipiki. Mji wenyewe ni mdogo. Mkipotea vichochoroni endeleeni kutembea. Ama mtatokea baharini ama mtatokea barabara kubwa ya Darajani.

Mkishuka bandarini mtapokewa na mapapasi, vijana wanaotafuta wageni wa kuwatembeza. Mkihitaji mwongozaji, mchague mwenye kitambulisho cha kazi hiyo na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Asiyehitaji aseme "ahsante, tumepokewa," asonge mbele. Ninyi pia bebeni vitambulisho vyenu vya taifa. Vinahitajika safarini, na mahali pengi kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje.

Sasa, anzeni Mkunazini. Wengi hupaacha mwisho kwa kuwa habari zake ni nzito na wao wamekuja kustarehe, kisha hufika wamechoka, wanapiga picha moja na kuondoka. Nawaomba msifanye hivyo. Nendeni asubuhi, akili ikiwa nzima na uwanja haujajaa watu. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana, juu ya uwanja uliokuwa wa soko.

Mkiingia kanisani msikae viti vya nyuma. Sogeeni mpaka mbele. Pale madhabahuni pana duara la marumaru sakafuni linaloonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Karibu na hapo utauona msalaba mdogo wa mbao; umechongwa kwa mti uliosimama kule Chitambo, Zambia, ambako David Livingstone alifariki mwaka 1873 na moyo wake ukazikwa. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo na kufariki mwaka 1882. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo simama hapo kidogo: huyu ni miongoni mwa waliotangulia kukiandikia sarufi Kiswahili cha Unguja, na Kiswahili hicho ndicho baadaye kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu unachokiandika ubaoni kila siku.

Nje, bustanini, kuna shimo la mraba. Ndani yake wamesimama watu watano wa jiwe, kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998. Miguu yao haijatoka. Imebaki ndani ya jiwe, kana kwamba ardhi haijawaachia. Inameni mtazame shingoni. Minyororo ni chuma chenyewe, na kila pete imemfunga mtu kwa mwenziwe, hata mmoja akitaka kugeuka ni lazima wote wageuke. Mimi hapo huwa sisemi neno, na wanafunzi niliowapeleka nao hawakusema. Mwache binti yako atazame kadiri apendavyo, kisha ajibiwe kila atakalouliza. Ana umri wa kuyasikia.

Jengo la jirani lina vyumba viwili vya chini, vifupi, vyenye vitundu vidogo vya hewa. Waongozaji husema watumwa walifungiwa humo kabla ya mnada. Watafiti wengine wana shaka navyo, kwa kuwa jengo la juu yake lilijengwa na misheni. Ingieni mtazame, lakini uzito wa mahali pale hautegemei vile vyumba. Uko kwenye uwanja wenyewe.

Kutoka Mkunazini hadi soko la Darajani ni hatua chache. Jengo lake la zamani ni la mwaka 1904. Hapo mke wako atanunua viungo kwa bei nafuu kuliko kwenye vipakiti vya maduka ya watalii. Karafuu usinunue kwa macho. Chukua moja, tazama kama kichwa chake kimeshikamana na kikonyo, halafu ibonyeze kwa ukucha. Ikiwa nzuri itatoa mafuta na kidole kitanukia mpaka mrudi Dar. Ikivunjika kikavu kama kijiti, irudishe. Mdalasini chagueni magome membamba yaliyojisokota. Mkipita upande wa nafaka mtausikia mchele wa Mbeya ukinadiwa kwa sifa zake zote, na mimi kila nikiusikia moyo wangu hufurahi.

Kuleni hapo hapo Darajani au vibanda vya karibu. Ombeni urojo: bakuli la mchuzi wa manjano wenye ukakasi wa ndimu na embe, ndani yake viazi, bajia, kachori, kipande cha mishkaki, juu yake chipsi nyembamba za muhogo. Kwa mtu wa Makambako aliyezoea ugali na viazi vya kuchemsha ni chakula cha ajabu, na ni kizuri kweli kweli. Pilipili iwekwe pembeni kwa ajili ya mtoto.

Halafu ingieni vichochoroni mkielekea Forodhani, na hapa msiharakishe hata kidogo. Tazameni milango. Ile ya kichwa bapa, yenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu, ni ya mtindo wa Kiarabu. Ile ya kichwa cha upinde ni ya Kihindi. Pitisha kidole kwenye fremu: mara nyingi utakuta mnyororo umechongwa kuzunguka mlango mzima, pete kwa pete, na chini wakati mwingine pana samaki au mawimbi. Katikati upo mfaa, ule ubao unaoziba mahali mbao mbili zinapokutana, na fundi hakuuacha bure hata huo. Mpe binti yako daftari achore mlango mmoja. Mkae naye mpaka amalize.

Forodhani mchana ni bustani tulivu yenye upepo. Mtaiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na kuingia uwanjani hakuna taabu. Jumba la Maajabu liko jirani. Habari zake nimemjibu mwanafunzi wa Iringa hapa chini. Ikibaki saa moja na Makumbusho ya Kasri yakiwa wazi siku hiyo, ingieni mkaulize chumba cha Bibi Salme, binti wa Sultani Said aliyeondoka Unguja mwaka 1866 kwa kumpenda mfanyabiashara wa Kijerumani. Baadaye akayaandika maisha yake kitabuni.

Kutoka hapo fuateni barabara ya pwani kurudi bandarini. Kabla ya kufika mtaliona jengo lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi kama kitambaa cha lesi. Ni zahanati ya zamani, iliyoanzwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyegharimia misafara ya pembe za ndovu ya akina Tippu Tip. Fedha hizo zilitoka bara, mwalimu. Mwambieni binti hilo pia.

Shikamoo mama. Natokea Kyela. Marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani watu wa kando ya ziwa walikamatwa wakapelekwa pwani na hawakurudi. Mwezi ujao nitakuwa Unguja siku moja kwa shughuli za kikazi. Nataka kujua: waliouzwa pale walikuwemo na watu wa kwetu?

Marahaba mwanangu. Ndiyo, walikuwemo watu wa upande wa ziwa letu, na hawakuwa wachache. Njia kubwa ya mateka wa Ziwa Nyasa iliteremka mpaka Kilwa Kivinje, na kutoka hapo walipakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Wengine walivushwa mbali zaidi, Uarabuni na kwenye visiwa vya mashamba ya miwa katika Bahari ya Hindi. Wengi walibaki Unguja na Pemba kwenye mikarafuu. Kilimo hicho kilipamba moto zama za Sultani Said, yule aliyehamisha makao yake kutoka Muscat kuja Unguja, na mikarafuu haikupandwa wala kuchumwa na masultani.

Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Utumwa wenyewe Unguja uliondolewa kisheria mwaka 1897, na huku kwetu bara biashara haikukoma kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa mbali. Wewe wa Kyela utalielewa hili kuliko wengine. Vuka Songwe tu, uko Karonga. Huko ndiko alikokuwa na ngome yake mfanyabiashara Mlozi, ambaye mwaka 1887 aliwashambulia Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa, na ugomvi wake na Waingereza ukaendelea mpaka Desemba 1895 aliponyongwa. Miaka 22 baada ya soko la Mkunazini kufungwa! Kwa hiyo bibi yako hakuwa anakusimulia hadithi za kale na kale. Huenda aliyemsimulia yeye aliyaona kwa macho.

Nina ombi moja kwako, na nalitoa kwa moyo wote. Kabla hujasafiri, kaa na wazee waliobaki katika ukoo wenu uandike waliyoyasikia: kijiji gani, ukoo gani, nani alichukuliwa, nani alitoroka, walipita mto gani. Andika na jina la aliyekusimulia. Habari za pwani zimeandikwa sana. Za watu waliotolewa huku juu, tena kwa midomo yao wenyewe, ni chache mno, na wazee wanaondoka nazo. Ukipata likizo ndefu, usiishie Unguja. Nenda Kilwa Kivinje, ukauone mji ule kimya wa ufukweni ambako njia ya kutoka ziwani ilikuwa ikiishia.

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha nne Iringa. Tulifundishwa kwamba vita vya Zanzibar na Uingereza vya 1896 vilikwisha kabla ya saa moja kutimia, darasa zima likacheka, maana sisi tumezoea habari za Mkwawa aliyepigana miaka. Ni kweli? Na kuna kilichobaki cha kuona?

Marahaba. Ni kweli, ila usicheke. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari zilizokuwa zimejipanga mbele ya mji zikafyatua, na baada ya kama dakika 40 ikulu ilikuwa inawaka. Upande wa Khalid walikufa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hayo yalikuwa mauaji zaidi ya kuwa vita.

Sasa panga miaka hiyo pamoja na ya kwenu. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Makombora yalipokuwa yakianguka Unguja, Mkwawa alikuwa porini anawindwa, na aliendelea kuwindwa mpaka mwaka 1898. Wajerumani hao hao waliokuwa wakimsaka Uhehe ndio waliompokea Khalid katika ubalozi wao Unguja na kumvusha mpaka Dar es Salaam. Vitabu vyenu vinayaweka haya katika sura mbili tofauti; wewe yaweke ukurasa mmoja, utaona jinsi nchi ilivyokuwa inagawanywa pwani na bara kwa wakati mmoja. Kalenga najua umefika, na fuvu lililorudishwa mwaka 1954 umeliona. Unguja itakuongezea nusu ya pili.

Cha kuona kipo. Ukisimama Forodhani ukitazama bahari, maji yaliyo mbele yako ndipo zilipotia nanga zile manowari. Geuka nyuma. Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kuwa la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme, lilinusurika siku ile. Jengo lililokuwa ubavuni mwake, Beit al-Hukm, liliteketea na halikujengwa tena. Lakini usipange safari kwa kutegemea kuingia Jumba la Maajabu. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa linakarabatiwa, sehemu yake kubwa iliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Lilistahimili makombora ya 1896, likaja kushindwa na unyevu, chumvi na miaka ya kusubiri matengenezo. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mvua ikipenya darini, ukuta unalika kutoka ndani. Ukifika, litazame jengo lile kwa muda mrefu.

Shikamoo mama. Niko Tukuyu. Sijawahi kupanda chombo cha majini, na hata basi la milimani hunitapisha. Naogopa boti. Pia nivaeje huko?

Marahaba mama. Nenda, usiogope. Kula kidogo kabla ya kupanda, kitu kikavu, wala usipande na njaa. Kaa katikati ya boti au nyuma, chini, mbali na pua yake, na utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, usiangalie simu. Dawa ya kichefuchefu muulize mfamasia mapema, kwa kuwa humezwa kabla ya safari, na ukiwa umeshaanza kutapika haikusaidii. Kusi linapovuma, Juni mpaka Agosti, mawimbi huwa makubwa. Mwenye nafasi ya kuchagua achague miezi mingine, ila aikwepe masika.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, na khanga moja iwe mkobani. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Vaa viatu bapa vya kutembea, kwa kuwa vichochoro vina mawe yanayoteleza. Nguo iwe nyepesi. Joto la Unguja si la Tukuyu. Lakini sweta usiliache nyumbani. Ndani ya boti kiyoyozi huwa kikali kuliko asubuhi ya Julai hapo kwenu.